UZI: Visasili vya Wagiriki ndani ya maisha ya watakatifu wa Waserbia – kipi kilipita, na kilipita mlango gani

#1 NgoziYaMbuzi

Wakuu, salaam. Mada hii kila inapoguswa inaishia palepale. Mtu anasoma kwamba Petar wa Koriša, mtawa mpweke wa Serbia, alikuta joka pangoni, anakumbuka Apollo alivyomwua joka Delphi, basi anahitimisha kuwa Waserbia waliwanakili Wagiriki. Kufanana peke yake hakutoshi. Fumo Liyongo aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, Achilles kwa mshale kisiginoni, na hakuna mtunzi wa pwani aliyehitaji kusikia habari za Achilles ili Liyongo awe na mahali pamoja pa kufia.

Swali langu kwenye uzi huu ni hili: kisa kilipita mlango gani hadi kikafika kwenye meza ya mtawa aliyekuwa akiandika Hilandar (monasteri ya Waserbia katika mlima Athos, Ugiriki) au Dečani (monasteri ya Kosovo)? Kama mlango hauonekani, motifu, yaani kipengele cha kisa kinachojirudia, ibaki "inafanana" tu, tusiiite "imetoka".

Maandiko tunayozungumzia yanaitwa *žitije*, yaani maisha ya mtakatifu. Ya msingi ni haya: Sava akimwandika baba yake Simeon (Stefan Nemanja, mwanzilishi wa ukoo wa kifalme, Simeon likiwa jina lake la utawa) mnamo 1208, Stefan Prvovenčani akimwandika baba huyohuyo mnamo 1216, Domentijan katikati ya karne ya 13, Teodosije mwishoni mwa karne hiyo na mwanzoni mwa iliyofuata, Askofu Mkuu Danilo II na mwanafunzi wake, Grigorije Camblak mwanzoni mwa karne ya 15, halafu Konstantin Filozof, aliyemwandika Despoti Stefan Lazarević baada ya kifo chake cha 1427.

Milango ninayoiona ni minne. Wa kwanza ni Biblia yenyewe kwa Kigiriki. Isaya 13:21, pale Biblia yetu inapotaja mbuni, Septuaginta, yaani Agano la Kale la Kigiriki, inasema *seirenes*, wale wale waliomwimbia Odysseus. Kislavoni, lugha ya kanisa ya Waserbia, kikalichukua neno hilo, na mtawa akawasoma viumbe hao bila kufungua Homer hata siku moja. Wa pili ni hotuba za Gregorio wa Nazianzo. Ile ya 39, ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, inawataja Zeus, Rhea, Demeter, Semele na Orpheus ili kuwakataa, na kwa kuwakataa ikawahifadhi. Wa tatu ni vitabu vya historia na hadithi: Zonaras, mwanahistoria wa Bizanti, kwa Kislavoni katika karne ya 14, hadithi ya Troya, hadithi ya Aleksanda. Wa nne, ambao ndio mpana kuliko yote, ni miujiza ya watakatifu wa Bizanti, iliyokuwa imekwisha kurithi desturi za mahekalu ya kale karne nyingi kabla Serbia haijawa na askofu mkuu wake mwenyewe.

#2 UpepoWaKusi

Mkuu, umeacha mfano ninaouona kuwa wazi kuliko yote. Stefan Dečanski, mfalme wa Serbia, kama alivyoandikwa na Camblak: mama wa kambo anamchongea kijana kwa baba yake, baba anaamini, kijana anaangamizwa. Huyo si Hippolytus na Phaedra?

#3 NgoziYaMbuzi

Ndugu, mfano ni mzuri, ila linganisha viungo kimoja kimoja. Kwa Phaedra kuna vitu vitatu: mama wa kambo anamtamani kijana, kijana anakataa, ndipo anasingiziwa. Kwa Camblak tamaa haipo. Kilichopo ni wivu wa kiti cha enzi. Kwa hiyo ukitaka jamaa wa kisa hiki Ugiriki, mwache Phaedra umwendee Ino, aliyetaka kuwaondoa watoto wa kambo, Phrixus na Helle. Alikaanga mbegu zisiote, akawahonga wajumbe waliotumwa Delphi, kwenye hekalu la utabiri, warudi na jibu kwamba Phrixus atolewe kafara. Hicho ndicho kisa cha urithi. Cha Phaedra ni cha mapenzi, na jamaa yake wa Biblia ni mke wa Potifa.

Sasa tazama historia inavyosema. Simonida, mke wa Mfalme Milutin baba wa Stefan, binti wa mfalme mkuu wa Bizanti, aliolewa mwaka 1299 akiwa mtoto mdogo, na hakuzaa. Danilo II, aliyeishi zama zilezile, anaeleza kwamba Stefan alishawishiwa na wakuu akamwasi baba yake. Ndipo akatiwa upofu mwaka 1314. Camblak anaandika karibu miaka 90 baadaye, akiwa mkuu wa monasteri ya Dečani penyewe, mbele ya jeneza la mtakatifu wake. Mwasi hafai kuwa shahidi, kwa hiyo hatia ikahitaji mtu mwingine wa kuibeba, na mama wa kambo alikuwa tayari ndani ya ghala la visa. Hapo motifu imefanya kazi yake: imeziba pengo ambalo historia iliacha wazi. Camblak hakuhitaji Euripides, mtunzi wa tamthilia ya Phaedra, kwa hilo. Zonaras alikuwa na habari za Konstantino Mkuu kumwua mwanawe Crispus kwa uchongezi wa Fausta, mama wa kambo, na hapo tamaa ipo. Angetaka Phaedra, alikuwa naye karibu. Hakumchukua.

#4 DadaMwandiko

Naunga mkono. Niongeze la macho, maana hapo mlango wa nne unaonekana hadi bawaba zake.

Kwa Camblak mambo yanakwenda hivi. Stefan ametiwa upofu, amelazwa karibu na kanisa la Mtakatifu Nikolao huko Ovče Polje. Anapitiwa na usingizi. Nikolao anamtokea akiwa na macho mawili kwenye kiganja, anamwambia asihuzunike, macho yake anayo yeye. Stefan anapelekwa uhamishoni Constantinople, monasteri ya Pantokrator. Miaka inapita. Usiku wa mkesha wa sikukuu ya Nikolao yupo kanisani, ameketi, usingizi unamchukua tena. Mtakatifu anakuja, anamgusa macho, anaamka anaona. Kisha anaendelea kujifunga kitambaa usoni watu wasijue.

Weka kando ya hapo mawe ya Epidauro, karne ya 4 kabla ya Kristo, yaliyochongwa habari za waliopona kwa Asclepius, mungu wa uganga. Mwanamke aitwaye Ambrosia, wa Athene, haoni kwa jicho moja. Analala hekaluni. Mungu anamtokea ndotoni, anamwambia atampa dawa, lakini atalipa kwa kuweka hekaluni nguruwe wa fedha. Anampasua jicho, anamimina dawa. Kulipokucha anaona.

Hatua zinalingana: mahali patakatifu, kulala humo, mponyaji kuja mwenyewe ndotoni, kugusa kwa mkono, kuamka umepona. Desturi hii ya kulala hekaluni haikukatika. Kanisa la Kosma na Damiano, watakatifu madaktari wasiotoza fedha, Constantinople, lilikuwa na wagonjwa wanaolala ndani wakingoja. Kwa Mtakatifu Artemio vilevile. Vitabu vya miujiza yao ndivyo vilivyofundisha watawa namna muujiza wa uponyaji unavyosimuliwa. Kwa hiyo Asclepius hakuruka moja kwa moja kutoka Epidauro hadi Dečani. Alipita kwa madaktari wasiotoza fedha, akapoteza jina na nguruwe wake njiani, na kilichofika ni utaratibu peke yake.

Kinachomtofautisha Camblak ni kwamba ameukata muujiza vipande viwili. Ahadi Ovče Polje, utimizo Constantinople, na katikati miaka ya subira. Hicho Epidauro hakipo. Kule mtu analala kipofu anaamka anaona, mara nyingi usiku uleule. Camblak anamtaka mtakatifu aliyesubiri gizani, na mimi naona hapo ndipo alipoandika vizuri kuliko wote waliomtangulia: macho yapo, yametunzwa na mtu, ila bado hayajarudi.

#5 Mtafuta_Kina

Vipi mafuta ya Simeon? Homer ana Thetis akimdondoshea Patroclus ambrosia na nekta puani mwili usioze, Iliad 19, na Aphrodite akimpaka Hector mafuta ya waridi, kitabu cha 23. Mwili wa Simeon hauozi na unatoa mafuta yenye harufu nzuri. Hilo nalo mtasema si Homer?

#6 NgoziYaMbuzi

Si Homer, mkuu. Angalia mafuta yanaelekea wapi. Kwa Homer yanatoka nje yanaingia kwenye mwili: miungu inampaka shujaa ili abaki mzuri hadi mazishi, kisha anachomwa moto. Kwa Simeon yanatoka mwilini yanakwenda kwa watu, na mwili haukusudiwi kumalizika. Mwelekeo ukigeuka, motifu si ileile.

Kielelezo cha karibu kilikuwa Mtakatifu Dimitri wa Thesaloniki, ambaye mafuta yake mahujaji walikuwa wakiyachukua katika vichupa vidogo vya risasi. Sava alipita Thesaloniki mara nyingi, akifikia monasteri ya Filokal. Familia iliyotaka mtakatifu wake mwenyewe ilikuwa na kielelezo safari ya siku chache tu kutoka Hilandar. Tena linganisha watoto wawili wa baba mmoja: Sava anaandika kwa utulivu, kama anayesimulia kifo cha mzee wake mkekani, Stefan Prvovenčani, mtawala, ndiye anayejaza miujiza. Taifa lilihitaji miujiza, na aliyelitawala ndiye aliyeiandika.

Mahali ambapo Ugiriki ya kale inasaidia kweli ni kwenye mifupa. Herodotus anasimulia Wasparta walivyoambiwa Delphi kwamba hawatawashinda Wategea mpaka waipate mifupa ya Orestes. Lichas akaipata chini ya karakana ya mhunzi, jeneza la dhiraa 7. Kimon akaileta Athene mifupa ya Theseus kutoka Skyros, miaka ya 470 kabla ya Kristo, pamoja na mkuki na upanga wa shaba. Sasa njoo Serbia: ndugu wawili, Stefan na Vukan, wanagombea nchi, Stefan anamwandikia Sava alete mwili wa baba kwa sababu nchi imechafuka, mwili unatoka Hilandar unafika Studenica mnamo 1207, amani inapatikana. Mwaka 1237 mwili wa Sava mwenyewe unatolewa Tarnovo unapelekwa Mileševa. Baada ya vita vya Kosovo, mwili wa Prince Lazar unahamishiwa Ravanica.

Siiti hiyo kukopa. Naiita kazi ileile: mwili wa mwanzilishi unawekwa mahali ili nchi isimame. Mtu akitaka kuelewa kwa nini walihangaika na safari ile ya milimani, Herodotus atamwelewesha vizuri, hata kama Stefan hakumsoma.

#7 KalamuNaWino

Shukrani kwa uzi. Naomba utaratibu wa kufanyia kazi. Nina sura za Teodosije kwa tafsiri ya Kiserbia cha leo, nimeorodhesha motifu kama kumi na tano. Nianzie wapi?

#8 DadaMwandiko

Karibu. Kwanza achana na tafsiri ya leo kwenye kila neno unalotaka kulijengea hoja, rudi kwenye Kislavoni. Mfasiri wa leo akiandika *aždaja* (joka), chini yake huenda kuna *zmij*, neno lilelile la nyoka wa Mwanzo 3, na hoja yako ya joka la Kigiriki inageuka kuwa ya nyoka wa Edeni.

Pili, ivunje kila motifu vipande vitano au sita kama tulivyofanya hapo juu: nani, wapi, anatenda nini, kwa chombo gani, matokeo yake nini. Kwa kawaida yangu, vikilingana vitatu tu naiweka kando. Hadithi yoyote ya kijana na mnyama inaweza kulingana kwa vitatu. Vikilingana vyote pamoja na kimoja cha ajabu kisichotarajiwa, kama lile jicho kiganjani, hapo kuna kazi ya kufanya.

Tatu, tafuta kwanza kwenye Biblia, hasa Zaburi na Wafalme. Sava anapoomba mvua ya mawe inyeshe mbele ya mfalme wa Hungaria, watu hukimbilia Zeus mwenye radi. Ni Eliya huyo. Nne, tafuta kwenye maisha ya watakatifu wa Bizanti yaliyotafsiriwa: Antonio, Saba wa Palestina, Eustathio, na usisahau Barlaam na Yoasafu, kisa cha mwana wa mfalme anayeacha kiti, maana Rastko, yaani Sava kabla ya utawa, anayekimbilia Athos akisingizia kwenda kuwinda amefumwa kwa uzi huo. Ukimaliza hayo yote na bado kuna kipande hakijapata kwao, ndipo ufungue kitabu cha visasili.

Mitego ya majina sasa. *Jelin* katika maandiko haya kwa kawaida ni mpagani, si Mgiriki wa taifa. Mgiriki jirani ni *Grk*. Ukikusanya kila *jelinski* ukadhani unakusanya habari za Ugiriki, umekusanya habari za upagani. *Iraklij* anaweza kuwa Heracles na anaweza kuwa mfalme mkuu Heraclius aliyetawala 610 hadi 641. Soma mstari mzima. Zeus usimtafute kwa jina hilo, anaitwa *Dii*. Na Dimitrije ana Demeter ndani ya jina, Dionisije ana Dionysus, lakini hilo halithibitishi kitu. Aliyebatizwa Dionisije hakusikia mungu wa mvinyo humo.

Hadithi ya Troya nayo inajitambulisha kwa majina. Ukikuta *Fariž* badala ya Paris na *Prijamuš* badala ya Priam, ujue kisa kimeingia kutoka magharibi, kupitia Kilatini na pwani ya Dalmatia, si kutoka Bizanti. Hiyo ni njia nyingine kabisa.

#9 UpepoWaKusi

Na Malalas, yule mwanahistoria wa Bizanti? Ana Hephaestus, ana Kronos, ana Troya yote.

#10 NgoziYaMbuzi

Malalas wa Kislavoni tunaye kupitia mikusanyo ya Warusi. Kumtumia kama ushahidi wa kilichokuwa kwenye rafu za Hilandar ni kosa ninaloliona mara nyingi, na linatokana na kutaja "Waslavoni" kana kwamba walikuwa na maktaba moja. Yale maelezo yanayomwita Hephaestus kwa jina la Svarog, mungu wa Waslavoni, yanapatikana kwenye kitabu cha matukio cha huko Rus. Usiyahamishie Kosovo.

Turudi kwa Petar wa Koriša, kwa sababu Teodosije amemwandika kwa mkono wa mwandishi kweli. Pango karibu na Prizren lina joka. Petar anaomba, Malaika Mkuu Mikaeli anakuja, joka linafukuzwa, pango linakuwa makao. Viungo vya Delphi vipo: mwamba, joka mwenye mahali, mgeni mtakatifu, mahali kubadilika kuwa pa ibada. Ila Apollo anaua kwa upinde wake mwenyewe, na Petar hana silaha, wala haui. Njia yake naiona kupitia Hierapoli ya Frigia, kwenye Matendo ya Filipo ambamo wenyeji wanaabudu nyoka, Echidna, na jirani yake Chonae ambako Mikaeli anaokoa mahali patakatifu pasiangamizwe. Mikaeli kufika pangoni Koriša si bahati nasibu. Kulinda mahali dhidi ya nguvu za chini ya ardhi ndiyo kazi yake tangu huko.

Sehemu inayonishika zaidi ni ya kabla ya pango. Petar anaishi maisha ya kujinyima pamoja na dada yake. Anataka upweke kamili. Dada anasinzia kwa uchovu. Petar anamfanyia ishara ya msalaba, anaondoka. Dada anaamka peke yake milimani, analia akimwita. Yeyote aliyemsoma Ariadne, msichana aliyeachwa na Theseus, akiamka kisiwani Naxos na tanga la Theseus likipotea atasimama hapo. Kwa vipande: msichana aliyeacha vyote kumfuata mwanamume, usingizi, kuondoka kimyakimya, kuamka, kilio. Vitano.

#11 DadaMwandiko

Vitano, mkuu, lakini cha ajabu kisichotarajiwa hakipo. Kuachwa usingizini kunaweza kuzaliwa popote ambapo mtu anaogopa kuaga. Ningekiweka kwenye "inafanana".

#12 NgoziYaMbuzi

Nakubali kwenye asili yake. Kwenye namna ya kuandika sikubali. Kilio cha mwanamke aliyeachwa kilikuwa zoezi la shule za ufasaha Bizanti: wanafunzi walipewa mtu wa kisasili au wa Biblia, waandike angesema nini wakati kama huo. Zoezi hilo liliitwa *ethopoiia*. Teodosije anapompa dada maneno marefu ya kilio badala ya kusema "alilia" akapita, mkono wa shule hiyo unaonekana. Ariadne mwenyewe huenda hakufika Hilandar. Namna ya kumliza ilifika.

#13 DadaMwandiko

Kwa hilo tuko pamoja. Libadilishwe basi: "kisa kinafanana, umbo la kilio limetoka shuleni".

#14 Mtafuta_Kina

Swali la mwisho kwangu. Mzabibu wa Simeon pale Hilandar, uliootea kwenye kaburi lake. Dionysus?

#15 NgoziYaMbuzi

Hapana. Yohana 15 inatosha kabisa, na Kiserbia chenyewe kinamalizia: *loza* ni mzabibu na *loza* ni ukoo. Ndiyo maana ukoo wa Nemanja umechorwa ukutani Gračanica na Dečani kama mzabibu wenye matawi, kila mfalme kwenye tawi lake, Simeon chini kwenye shina. Sanaa hiyo imetoka kwenye mti wa Yese, picha ya ukoo wa Kristo.

Ukitaka ukoo uliotengenezwa kwa namna ya kale hasa, nenda kwa Konstantin Filozof. Anawapandisha akina Nemanja hadi kwa Licinius, mume wa Constantia, dada wa Konstantino Mkuu. Wafalme wa Makedonia walijipandisha hadi kwa Heracles kwa sababu ileile: mtawala mpya anahitaji babu ambaye majirani hawawezi kumkana.

#16 KalamuNaWino

Wakuu, nimeanza na hatua ya kwanza. Nimepata chapa ya 1860 ya Daničić, mwanaisimu wa Kiserbia, Maisha ya Sava, imeandikwa ni ya Domentijan. Nianze kunukuu?

#17 DadaMwandiko

Simama hapo hapo. Chapa ya 1860 ina jina la Domentijan kwenye jalada, lakini maandishi yaliyomo ni ya Teodosije. Domentijan halisi, Simeon na Sava pamoja, Daničić alimtoa mwaka 1865. Usipolijua hilo utampa Domentijan kila motifu ya Teodosije, na hesabu yako ya nini kilikuwapo katikati ya karne ya 13 na nini kiliongezwa baadaye itavurugika yote. Kwenye daftari lako andika mwaka wa chapa kando ya kila nukuu, kisha mpange upya mwenyewe nani ni nani.

#18 KalamuNaWino

Asante dada. Motifu saba kati ya zile kumi na tano zinahama safu sasa hivi. Nikimaliza upande wa Domentijan nitaziweka hapa, kipande kwa kipande.